Namba ya Kampuni Mia Tano

Mwaka 1995, watu walipokuwa wakimiminika Tunduru kutafuta vito, Kunegunda Mbawala alikwenda na sufuria tatu, mwiko mrefu na gunia la dagaa wa Nyasa. Hakwenda kuchimba. Kaka yake Valence ndiye aliyekuwa na shimo kando ya mto Muhuwesi, na ndiye aliyemtumia salamu kwamba wanaume wa machimbo wanashinda na mihogo mibichi kwa kukosa mpishi. Kunegunda alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Kazi yake ya kuchambua majani ya tumbaku pale Songea ilikuwa imekwisha siku kiwanda kilipofungwa, na wenzake wengi walikuwa wamerudi vijijini kulima. Yeye akapanda lori.

Mwezi wa kwanza wachimbaji walilipa taslimu. Mwezi wa pili fedha zikawakaukia. Wakamwambia, mama, tupe chakula, tukipata jiwe utakuwa na fungu lako. Mama lishe wengine walikubali, lakini kila mmoja alichagua shimo alilolipenda: lenye wanaume wenye nguvu, au lile ambalo jana lilitoa kijiwe chenye kung'aa. Kunegunda aliwatazama kwa majuma kadhaa. Aliona shimo lililosifiwa Jumatatu likijaa maji Ijumaa. Aliona shimo lililokimbiwa na wenyewe likimpa bahati mtu aliyeingia humo kujikinga na mvua tu. Akakiri moyoni kwamba hana macho ya kuona chini ya ardhi, na kwamba hajakutana na mwenye macho hayo.

Basi akafanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Alipita shimo kwa shimo, mashimo ishirini na matatu, akapatana na kila moja: sahani chache kwa siku, na fungu dogo kwake likitokea jiwe. Fungu dogo kabisa, kiasi kwamba hakuna aliyeona shida kulikubali.

Valence alicheka mpaka akakaa chini. Alisema dada yake anafanana na mtu anayewasha mshumaa mbele ya kila sanamu kanisani kwa kuwa hamjui mtakatifu somo wake. Yeye alikuwa na shimo moja. Ndani yake alikuwa ametia ng'ombe wawili, baiskeli, na hisa yake katika mashine ya kusaga aliyoshirikiana na shemeji yake. Kunegunda alipomshauri abadilishane mafungu kidogo na majirani, alijibu kwamba mwanamume hagawanyi bahati yake.

Mashimo kumi na nane hayakutoa kitu. Manne yalitoa vya kununulia chumvi na mafuta ya taa. Moja, la mvulana mkimya kutoka Liuli ambaye Kunegunda hakumtilia maanani hata siku moja, lilitoa jiwe la buluu lililowafanya wanunuzi wa Kithailandi wainuke kwenye viti vyao. Fungu la Kunegunda, dogo vile vile, lilitosha kujenga nyumba ya vyumba sita mtaa wa Mfaranyaki, Songea. Shimo la Valence lilijaa maji Desemba, kuta zikaporomoka. Kwa bahati hakukuwa na mtu ndani. Alitoka Muhuwesi na chekeche lake tu, akaenda Namtumbo kulima tumbaku kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe.

Kunegunda hakumkumbusha habari ya mshumaa. Wala hakuwahi kufikiri kwamba alichokifanya kilikuwa na maana yoyote. Aliamini Mungu alimhurumia mjane, akatoa sadaka ya shukrani Misa ya pili, na maisha yakaendelea.

Mwaka 2001 alimpangisha chumba Mwalimu Pankrasi Ndunguru, Mmatengo wa Mbinga aliyefundisha hesabu sekondari. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, asiyepika vizuri. Kila alipotembelea misheni ya Peramiho, padri mmoja mzee alimpa mafurushi ya magazeti ya Ulaya yaliyokwisha kusomwa, na Pankrasi akayasoma mpaka matangazo. Siku moja Kunegunda alimletea stakabadhi ya kodi, akakuta ukurasa mmoja umebandikwa ukutani juu ya meza. Ulikuwa na mstari mmoja mweusi, wenye meno kama msumeno, ulioanzia chini kushoto na kupanda kwenda juu kulia.

"Mwalimu, huu ni mlima gani?" aliuliza.

Pankrasi alicheka, kisha akaona aibu kucheka. Akaeleza kwamba si mlima. Huko Marekani kampuni zinauza hisa, yaani vipande vya umiliki, na bei za vipande hivyo hubadilika kila siku. Sasa kuna watu wanaochukua kampuni mia tano kubwa, za mafuta, za dawa, za reli, za soda, za benki, wanazijumlisha bei zao kwa hesabu maalumu, kubwa ikivuta zaidi na ndogo ikivuta kidogo, mpaka wanapata namba moja. Kitaalamu inaitwa fahirisi. Mstari ule ni namba hiyo, mwaka baada ya mwaka. Na mtu anaweza kununua namba yenyewe, kwa maana ya kwamba kuna mifuko inayonunua kampuni zote mia tano kwa niaba yake, kila moja kwa uzito wake, bila kujisumbua kuchagua.

Kunegunda alisimama na stakabadhi mkononi. Pankrasi alidhani hakuelewa, akataka kuanza upya.

"Walijuaje?" alisema Kunegunda.

"Walijua nini, mama?"

"Kwamba hakuna anayeona chini ya ardhi."

Pankrasi akamvutia kiti. Ndipo Kunegunda alipomsimulia Muhuwesi, mashimo ishirini na matatu, sahani na mafungu. Alisimulia polepole, kama mtu anayeungama, kwa sababu kwa miaka sita aliona lile kuwa jambo la kipumbavu lililobahatika. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza. Baadaye aliwaambia walimu wenzake kwamba alikuwa ameisoma habari ile ya fahirisi mara tatu akidhani ameielewa, kumbe alikuja kuielewa siku ile, kwa mama aliyeishia darasa la saba.

Kwa majuma mawili Kunegunda alirudi kwenye ule ukurasa kila alipopata nafasi. Alikuwa na maswali, na maswali yake hayakuwa mepesi. Aliweka kidole mahali mstari ulipotumbukia, akauliza hapa palikuwa na nini. Pankrasi alisema ni mwaka 1929, siku hizo namba ikihesabiwa kwa kampuni chache zaidi, watu wengi walipoteza mali zao zote, na ilichukua karibu miaka ishirini na mitano namba kurudi pale ilipokuwa. Akauliza kama kuna waliokufa kabla haijarudi. Mwalimu akasema wapo wengi. Kidole kikasogea. Hapa? Hapo ni 1987, ilianguka zaidi ya moja ya tano kwa siku moja. Akamwambia pia habari ya Japani, ambako namba yao ilipanda mpaka mwisho wa 1989, ikaanguka, na mpaka siku ile wanayozungumza ilikuwa haijarudi. Kunegunda alimshukuru kwa kutomficha. Alisema mtu anayekusifia shimo bila kukuambia habari ya maji anataka kukuuzia.

Lakini lililomshinda nguvu lilikuwa jingine. Siku moja aliuliza, katika kampuni zile mia tano, ngapi zilikuwemo tangu mwanzo. Pankrasi alisema hana hesabu kamili, lakini nyingi za mwanzo zimekufa au zimemezwa na nyingine. Kampuni ikidhoofika hutolewa, nyingine iliyokua huingizwa.

"Zinakufa," alisema Kunegunda.

"Zinakufa, mama."

"Na mstari unaendelea."

"Unaendelea."

Alitazama meno ya ule msumeno kwa muda mrefu. Aliwafikiria watu wote wale wa miaka ile sabini na zaidi, wa vita, wa njaa, waliofukuzwa kazi kama yeye siku kiwanda kilipofungwa, waliozikwa, na wengine walioamka kesho yake wakafungua milango ya maduka. Hakujua Marekani ikoje. Alijikuta amepiga ishara ya msalaba, akaona haya mbele ya mwalimu, akatoka kwenda kuangalia maharage jikoni.

Mwaka uliofuata alitaka kununua. Pankrasi alimweleza kwamba namba ile ya Marekani haiwezi kununuliwa kutoka Songea, kwa sheria na kwa umbali. Ila Dar es Salaam kulikuwa na soko la hisa lililofunguliwa miaka minne nyuma, tangu serikali ilipoanza kuuza mashirika yake. Wakati ule kampuni zilikuwa tano tu: ya gesi, ya bia, ya chai, ya sigara, na ya saruji iliyotoka kuingia. Tano si mia tano, alionya. Moja ikianguka utasikia kishindo. Kunegunda alisema hata yeye alianza na sufuria tatu.

Walikaa mezani na karatasi. Pankrasi alipiga hesabu ya ukubwa wa kila kampuni ili kila moja ipewe uzito wake, bia sehemu kubwa, na hizo ndogo kidogo kidogo. Fedha ilikuwa akiba ya kodi za wapangaji, na Kunegunda alitenga nusu tu. Nusu nyingine aliiacha benki kwa ajili ya paa na maradhi, kwa sababu alikuwa ameuona pia mwaka 1929 kwenye ule mstari.

Alikwenda Dar mwenyewe, kwa basi la alfajiri, akafikia nyumba ya wageni ya parokia. Ofisi ya dalali wa hisa ilikuwa ghorofa ya nne. Alimkuta dada mmoja mwenye miwani, jina lake Suzana, aliyemwamkia kwa heshima na kumwuliza anapenda kampuni gani.

"Zote tano," alisema Kunegunda, akamkabidhi ile karatasi.

Suzana aliisoma, akaisoma tena. Alieleza kwa upole kwamba wateja huchagua. Mbili kati ya zile tano hazikuwa zikifanya vizuri, na yeye mwenyewe asingemshauri mzazi wake kuzigusa. Kunegunda alimwuliza kama ana hakika kwamba hazitainuka. Suzana alisema hakuna anayeweza kuwa na hakika hiyo. Je, na ile inayofanya vizuri, ana hakika haitaanguka? Suzana alivua miwani akaifuta.

"Mama, nani amekuandikia karatasi hii?"

"Mpangaji wangu. Lakini wazo ni langu."

Ununuzi wenyewe ulichukua miezi, maana siku zile soko lilifunguliwa siku chache kwa juma na wauzaji walikuwa wachache. Barua za kuthibitisha hisa zake zilifika moja moja katika sanduku la posta. Ya saruji ilikuja mwisho, wakati wa kupanda mahindi.

Pankrasi akabandika ukutani sebuleni karatasi za miraba zilizounganishwa kwa gundi ya uji. Siku barua ya mwisho ilipofika waliiandika namba ya Kunegunda, yaani thamani ya hisa zake zote kwa siku ile, kuwa mia moja. Tangu hapo, gazeti lenye bei za soko lilipofika mtaa wa Majengo, siku moja nyuma ya Dar, mwalimu alilipitia dukani, akapiga hesabu, na Kunegunda mwenyewe akaweka nukta kwa kalamu ya wino mwekundu. Miezi ya kwanza haikumpendeza mtu. Nukta zilishuka mpaka tisini na nne. Ida, jirani yao wa Mfaranyaki, alimwuliza kama ule ni mchoro wa homa ya mgonjwa. Kunegunda alisema ni hivyo hivyo, na mgonjwa bado anakula. Baadaye ikapanda mia moja na tatu, ikashuka, ikapanda tena. Gawio la kwanza, yaani fungu lake la faida, lilipokuja halikuwa kubwa. Lilinunua mabati manne.

Valence alikuja Julai, baada ya kuuza tumbaku. Alikuwa amekonda, mikono imepigwa rangi ya jani. Alikaa mbele ya ukuta akala ugali wake, kisha akaomba aelezwe. Pankrasi alimweleza, na kwa kuwa Valence alikuwa mwepesi wa akili kuliko watu walivyodhani, alishika upesi. Upesi kupita kiasi. Aliinuka akaangalia hesabu za kila kampuni pembeni, akaona bia inapanda kuliko zote.

"Mlongo wangu," alimwambia dada yake, "uza hizi nyingine zote. Weka kwenye bia. Mwaka mmoja tu, utanikumbuka."

Macho yake yaling'aa kama yalivyong'aa Muhuwesi. Kunegunda aliyafahamu macho yale, na maneno ya miaka minane yalimjia mdomoni: ng'ombe, baiskeli, mashine ya kusaga. Akayameza. Alimwambia tu kwamba hatauza.

Valence akakasirika. Alisema basi amweleze ni nini kinachousukuma huo mstari, maana yeye anaona watu wa mjini wanacheza na karatasi. Pankrasi alifungua mdomo ajibu, lakini Kunegunda alimwekea mkono.

"Kaka, tumbaku yako mwaka huu umemuuzia nani?"

"Chama cha ushirika."

"Na chama?"

"Wenye kampuni ya kununua. Wanaipeleka Morogoro kuchakata."

"Na kutoka Morogoro?"

Valence alifikiri. Alisema nyingi inapelekwa ng'ambo, na nyingine inakwenda Dar, kiwanda cha sigara. Aliposema hivyo akageuka kuutazama ukuta. Kunegunda alikuwa ameweka kidole kwenye zile nukta nyekundu za Mei, Juni na Julai.

"Basi umo humu," alisema.

Valence aliusogelea ukuta. Alikuwa amevaa kofia, akaivua, sijui kwa nini, na hata yeye baadaye hakujua. Alizitazama nukta zile ndogo moja baada ya nyingine. Aliuliza kama saruji ya sakafu mpya ya kanisa la kigango chao imo. Pankrasi alisema, kama ilitoka kiwanda kile, imo. Je, bia waliyokunywa kwenye harusi ya binti wa jirani yake Rupert? Imo, na kreti zake, na dereva aliyeileta kupitia Makambako. Chai ya asubuhi? Yawezekana imo. Gesi wanayotumia mafundi wa kuchomelea pale stendi? Nayo huenda imo. Aliendelea kuuliza kama mtu anayetajiwa majina ya jamaa aliodhani wamekufa, na kila alipojibiwa aliitikia kwa kichwa kidogo. Nje watu walikuwa wakipita kutoka sokoni na mizigo yao, na Valence akageuka kuwatazama mlangoni, kisha akarudisha macho ukutani, kisha mlangoni tena.

"Hawa wote," alisema.

"Wengi wao," alisema mwalimu, ambaye hakupenda kukosea hesabu.

Kisha Valence akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, "Kule Muhuwesi nilikuwa peke yangu chini ya ardhi."

Kunegunda alimwongezea chai.

Kunegunda hakutajirika. Ni vizuri niseme hivyo, kwa kuwa Mfaranyaki kuna wanaodai alitajirika. Kuna mwaka namba yake ilikaa palepale, na kampuni moja kati ya zile mbili zilizotiliwa shaka na Suzana iliendelea kudidimia muda wote aliokuwa nayo. Nyingine iliinuka, na hakuna aliyeitarajia. Kwa jumla mstari ulipanda, taratibu, kwa meno yale yale, kampuni nyingine zikiingia sokoni na Kunegunda akizinunua kila moja kwa uzito wake. Alimsomesha mwanawe Agape hadi chuo cha uuguzi. Pankrasi alihamishiwa Njombe, akaacha maelezo ya hesabu kwenye daftari kubwa, na Kunegunda akajifunza kugawanya kwa desimali akiwa na miaka hamsini na moja.

Mwaka 2005 ukafunguliwa mfuko wa pamoja kwa ajili ya watu wa kawaida, ambao kwa fedha kidogo ulimpa mtu kipande katika kampuni nyingi na katika hati za mikopo ya serikali. Fomu zilitolewa benki. Kunegunda alifika asubuhi akakuta foleni imeshafika nje: walimu, askari, akina mama wa sokoni, wazee wakulima wa kahawa kutoka Mbinga. Mbele yake alikuwa Valence. Alikuwa ametoka Namtumbo tangu jana bila kumwambia, amevaa shati la Jumapili, na fedha yake ya tumbaku ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa uzi.

Valence alipofika dirishani, karani alimwelekeza mahali pa kuweka sahihi. Valence alisema asubiri kidogo. Alitaka kwanza kujua fedha yake inakwenda wapi. Karani akampa kijitabu, akamfunulia ukurasa wenye orodha, na Valence akasogea pembeni kwenye mwanga wa dirisha. Akaanza kusoma majina ya kampuni moja moja, kwa sauti, akifuatisha kwa kidole chenye madoa ya jani, bila haraka. Watu waliokuwa nyuma walikuwa na haraka zao, lakini hakuna aliyemkatiza. Kunegunda alisimama karibu yake, akisikiliza mpaka jina la mwisho.